Jinsi ya kuuingiza mto Sabaki kwenye mpango wa kaunti

Kila ifikapo Julai, hapa kaunti ya Kilifi, simu yangu huanza kulia. Leo ni mama wa kikundi cha Garashi, kesho kijana wa ufuo wa Ngomeni, keshokutwa mzee wa kijiji kutoka Jilore. Maswali ni yale yale: mkutano wa bajeti ni lini? Tuandike nini? Mbona tuliomba tuta la kuzuia mafuriko ya Sabaki miaka mitatu na hatujaliona? Nimeamua kuandika mara moja, kwa utaratibu, ili ukikwama usiku huna salio uwe na pa kuangalia.

Kabla ya yote, shika jambo hili moja. Mafuriko yakihesabiwa kuwa dharura, pesa zake hutoka baada ya nyumba kuanguka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaiwekea hazina ya dharura ya kaunti kikomo cha asilimia 2 ya mapato yake. Sheria hiyo hiyo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipindi cha miaka ya kati, iende kwenye maendeleo: barabara, zahanati, shule za chekechea, masoko, maji. Sisi tumezoea kung'ang'ania ile 2 na kuiachia 30 ijengwe bondeni. Mwongozo huu ni wa kuifuata ile 30.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari kubwa na kalamu mbili. Simu huzima, daftari halizimi.
- Tepu ya fundi ya mita tano, na kopo dogo la rangi nyekundu ya mafuta.
- Simu yenye kamera na ramani, ili kila mahali unapopima upige picha na kuhifadhi pale uliposimama.
- Nakala ya mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ule tunaouita CIDP. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Huhitaji kuusoma wote. Soma kurasa za wadi yako na sura ya majanga.
- Watu wanne au watano. Wawe na mzee aliyeona mafuriko ya 1961 au alau El Niño ya 1997, mama anayeteka maji mtoni, mvuvi au mkulima wa ukingoni, na kijana anayeandika haraka.
- Namba ya simu ya mtu mmoja anayeishi ng'ambo ya mto. Hii watu huiona ndogo. Utaona katika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Weka kalenda ukutani

Wengi hukosa si kwa sababu hoja zao ni mbovu, bali kwa sababu wamefika mlango ukiwa umefungwa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, lazima ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha unafika 28 Februari, na makadirio ya bajeti 30 Aprili.

Maana yake kwako ni hii: ombi jipya lipelekwe Julai na mapema Agosti. Ukija nalo Aprili, utaambiwa kwa upole kwamba halimo kwenye mpango, na kisheria watakuwa wanasema kweli. Aprili ni ya kulinda kilichokwisha kuingia.

CIDP ya sasa inakwisha 2027, mwaka wa uchaguzi. Inayofuata itaandikwa baada ya uchaguzi huo, na huo ndio mlango mpana kuliko yote. Karatasi utakazoandaa leo zitunze vizuri, utazihitaji tena wakati huo.

Hatua ya 2: Tembea, upime maji

Usianze mezani. Anza kwa miguu, asubuhi, pamoja na wazee. Tope la Sabaki ni jekundu na huacha mstari kwenye ukuta wa udongo, kwenye mlango wa choo, hata kwenye gome la mti. Utafute mstari huo.

Mwaka juzi tulipita shamba la ajuza mmoja karibu na Jilore. Nikamwamkia, nikamuuliza: "Hawe (bibi), wakati wa El Niño maji yalifika wapi?" Hakujibu kwa mdomo. Alitupeleka hadi kwenye mwembe, akaweka kiganja kwenye kovu la gome, akasema, "Hapa ndipo nilipomfunga mbuzi ili asichukuliwe, na asubuhi tope lilikuwa hapa." Tukapima kutoka ardhini: mita moja na sentimita sitini. Kisha tukageuka. Hatua kama mia kutoka pale, upande wa chini zaidi, palikuwa na msingi mpya wa jengo la umma. Sakafu yake ilikuwa imeinuliwa tofali mbili. Hakuna aliyemuuliza hawe.

Kwa kila mahali andika mambo manne: mwaka, maji yalifika urefu gani, yalikaa siku ngapi, na yalizuia nini. Miaka ambayo watu wa Malindi na Magarini huikumbuka vizuri ni 1961, 1997, 2018, na vuli ya 2023. Ukipata alama ambayo watu watatu tofauti wanaikubali, ipake rangi nyekundu mahali pa kudumu: ukuta wa msikiti au kanisa, nguzo ya daraja, shina la mbuyu. Omba ruhusa kwanza.

*Angalia usikosee:* usichanganye maji ya mto na maji ya mvua yaliyokosa mfereji. Ya mto huja na tope, nayo hupanda hata jua likiwaka. Ya mvua husimama mahali palepale iliponyesha. Dawa zake ni tofauti, na ukiyachanganya mhandisi ataitupa karatasi yako yote.

Hatua ya 3: Pitia orodha ya miradi, si orodha ya majanga

Hapa ndipo vikundi vingi hupotea. Wanaandika barua yenye kichwa "Ombi la kupunguza maafa", inapelekwa idara inayoshughulikia maafa, inakaa huko. Wewe fungua ADP ya mwaka uliopita, tafuta wadi yako, uchukue kila mradi uliopangwa au unaotarajiwa, kisha uulize swali moja tu: *maji yakifika kwenye alama yetu nyekundu, mradi huu utakuwaje?*

Zahanati: sakafu iko juu ya alama? Friji ya chanjo imewekwa wapi? Choo cha shimo kikijaa maji, kinamwagikia kisima kipi? Barabara: inakatika wapi, na mama mjamzito atapita njia gani? Shule: watu wakihama makwao, ndimo watakamolala? Basi vyoo vyake vinatosha? Soko: ghala la mahindi liko bondeni au mlimani?

Majibu hayo ndiyo yanayoitwa kuingiza upunguzaji wa hatari za maafa kwenye mipango ya maendeleo. Kenya na nchi nyingine zilikubaliana hivyo Sendai, Japani, Machi 2015, kwa kipindi cha hadi 2030. Nadharia inaishia hapo, turudi kazini.

Hatua ya 4: Fuata maji hadi yanakotoka na yanakokwenda

Hatua hii ndiyo ndefu, na ndiyo wanayoiruka.

Sabaki si mto wa Malindi peke yake. Unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unapita Machakos na Makueni, unapokea maji ya Tsavo, unakuwa Galana, ndipo unatufikia sisi na jina letu na kuingia baharini karibu na Mambrui. Mvua kubwa ikinyesha Nairobi leo, wewe ukiwa umeanika samaki juani, siku kadhaa baadaye shamba lako linaogelea. Lile tope linaloifanya bahari ya Malindi kuwa nyekundu ni udongo wa mashamba ya watu wa bara. Kaunti moja haiwezi kupanga peke yake mto wa kaunti nyingi.

Kwa hiyo fanya hivi, kuanzia karibu kwenda mbali.

*Ng'ambo ya mto kwanza.* Ukijenga tuta upande wako, maji hayatoweki, huenda kwa mwenzio. Nimeona vijiji viwili vilivyokuwa vinaoana vikisusiana kwa sababu ya tuta la magunia. Kabla hujaomba tuta, mfereji au kuinuliwa kwa barabara, kutana na wazee wa ng'ambo. Kaeni chini ya mti, waonyeshe alama zako, waulize zao. Andikeni karatasi moja, pande zote mbili zitie sahihi. Ombi lililotiwa sahihi na kingo mbili za mto lina uzito ambao barua kumi za upande mmoja hazina.

*Kisha kaunti jirani.* Kilifi, Mombasa, Kwale, Tana River, Lamu na Taita Taveta ziko pamoja katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Katiba, Ibara ya 189(2), inazitaka kaunti zishirikiane na inaziruhusu kuunda kamati za pamoja. Itaje ibara hiyo kwenye barua yako. Kisha toa sababu inayomgusa jirani. Mfano mzuri kuliko wote ni Baricho: visima vinavyoinywesha Malindi, na kupeleka maji hadi Mombasa, viko kandokando ya mto huu huu. Mtu wa Kisauni, Mombasa, anayefungua bomba lake ana haja na ukingo wa Sabaki kama wewe.

Ndugu zetu wa Lamu, kwenu hesabu ni ya Tana. Mabwawa ya juu, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakijaa, maji hushuka Garissa, kisha Garsen, na barabara ya kuja kwenu hukatika. Dawa na unga wa Lamu hukwama katika kaunti nyingine, kwenye barabara kuu iliyo chini ya serikali ya taifa. Msiombe kaunti yenu ijenge barabara isiyo yake. Ombeni iweke kwenye mpango wake mambo iliyo na uwezo nayo: akiba ya dawa visiwani kabla ya masika na vuli, boti ya wagonjwa yenye mafuta, na makubaliano ya maandishi na Tana River kuhusu taarifa za mto. Vilevile vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo ndivyo tangi la maji matamu la mji wa Lamu, vitajwe kwa jina katika kila mpango wa ardhi na ujenzi. Mikoko nayo hivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwenu.

*Kisha nchi jirani.* Usidhani haya ni mambo ya mabalozi tu. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliyotoka Sumatra ilichukua saa nyingi kuvuka bahari. Kenya ilipata habari, watu wakaondolewa ufuoni, na aliyekufa alikuwa mmoja, hapa Malindi. Somalia, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kiunga, walikufa karibu watu 300. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea Tanzania, njia yake ilifuatiliwa na kutangazwa na kituo cha hali ya hewa kilichoko kisiwa cha Réunion, na onyo likafika kwa mabaharia wetu. Taarifa zinavuka mipaka tayari. Lililobaki ni kuzipa mahali kwenye mpango: nani anazipokea wadini, kwa namba gani, na anapiga king'ora gani.

Mara tatu kwa mwaka, kituo cha hali ya hewa cha IGAD (jumuiya ya serikali za eneo letu), kiitwacho ICPAC, hukutanisha wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki kutoa utabiri wa msimu. Wa vuli hutoka karibu na mwisho wa Agosti, wakati ule ule ADP inapokamilishwa. Mwombe mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti muhtasari wake, na uuambatanishe ukitoka kabla hujapeleka barua. Kwa ukame, ambatanisha taarifa ya kila mwezi ya NDMA, mamlaka ya taifa ya kukabili ukame, inayoonyesha kama kaunti iko hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura.

Hatua ya 5: Andika ukurasa mmoja kwa kila mradi

Usiandike kitabu. Tumia umbo hili:

> *Mradi:* Ukarabati wa barabara ya kutoka ______ hadi ______.
> *Hatari:* Mto hukata barabara mahali pawili: penye mkwaju na penye duka la ______. Ilifungwa mwaka ______ kwa siku ______, na mwaka ______ kwa siku ______.
> *Wanaoumia:* Vijiji ______. Zahanati ______ haifikiki.
> *Tunachoomba:* Kalvati katika sehemu zote mbili. Barabara iinuliwe ipite alama nyekundu iliyo kwenye ukuta wa ______.
> *Majirani:* Kijiji cha ______ ng'ambo ya mto kimekubali, sahihi zimeambatanishwa.
> *Mpango:* Jambo hili limo katika CIDP, ukurasa wa ______.

Mstari wa mwisho ndio ufunguo. Ukitaja ukurasa, afisa wa mipango anakuwa na mahali pa kulishikiza ombi lako.

*Angalia usikosee:* epuka maneno kama "kujenga uwezo", "kuhamasisha jamii" na "kuimarisha ustahimilivu". Yanapendeza, lakini hayana bei, na kisicho na bei hakiingii kwenye bajeti. Sema kalvati, sema tangi, sema king'ora. Pia usiombe ukuta wa bahari kilomita nzima kwa sababu umeuona kwingine. Kule Ngomeni, ambako bahari inakula nyumba, swali la kwanza ni majengo mapya ya umma yasogezwe umbali gani kutoka ufuoni, na hilo linaanza na uamuzi kwenye ramani kabla ya simiti.

Hatua ya 6: Tafuta bei

Mwombe mhandisi wa kaunti ndogo au fundi mwenye uzoefu akupe makadirio. Muulize mambo mawili: mradi wa kawaida unagharimu kiasi gani, na ukiongezwa kinga, kiasi gani. Tofauti hiyo ndiyo hoja yako. Iweke kando ya gharama ya kukarabati jengo lililoingia maji, kama kumbukumbu zake zipo.

Hatua ya 7: Peleka, ugongewe muhuri

Chapisha nakala tatu. Moja kwa msimamizi wa wadi, moja kwa idara ya mipango, moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Maneno ya barazani hupeperushwa na upepo. Mpe pia mwakilishi wadi wako nakala, kwa heshima, kabla hajaisikia kwa watu. Na kama kuna kamati ya mabadiliko ya tabianchi ya wadi, wapelekee hiyo hiyo. Wao hupendekeza miradi ya mfuko wa tabianchi wa kaunti, na mara nyingi wanatafuta iliyoandikwa vizuri.

Mkutanoni, azungumze mama anayeteka maji au mzee wa alama. Wewe mwandishi kaa nyuma ushike karatasi.

Hatua ya 8: Rudi Februari, rudi Aprili, rudi saruji ikimwagwa

Februari tazama kama jambo lenu limo kwenye waraka wa sera ya fedha. Aprili tafuta mstari wa mradi kwenye makadirio na uusome kwa makini: mara nyingi jina la mradi linabaki, kinga inaondolewa. "Ujenzi wa zahanati" bila "sakafu iliyoinuliwa" ni mradi mwingine kabisa. Mkandarasi akifika, kamati ya mradi iombe mchoro na orodha ya kazi na gharama, ile mafundi huiita BQ, na mmoja wenu asimame na tepu siku msingi unapopimwa.

Ukikwama

*"Wametuambia CIDP haipatikani."* Andika barua ya kuomba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Jambo likihusu uhai wa mtu, ni saa 48. Taja siku hizo kwenye barua.

*"Wametuambia hakuna pesa."* Uliza: hakuna kwa mradi, au hakuna kwa kinga? Kama mradi upo, mnaomba uhamishwe au uinuliwe tu. Kusogeza jengo mita mia mbili kwenda mlimani, pale ardhi ya umma ipo, hakuhitaji fungu jipya.

*"Ng'ambo wamekataa kutia sahihi."* Basi wana sababu. Mara nyingi wanaogopa tuta lenu. Badilisheni ombi: badala ya tuta, ombeni pamoja kipimo cha mto na mtu wa kupiga simu kutoka juu. Hakuna ukingo unaoumizwa na simu.

*"Mwakilishi wadi hapokei."* Peleka nakala kwa karani wa bunge la kaunti, ielekezwe kwa kamati inayohusika, na mwakilishi apelekewe nakala pia ili asione kama amepigwa chenga.

*"Wazee wanabishana kuhusu alama."* Pimeni zote, muandike zote na majina ya waliosema. Anzeni na ile ya juu.

*"Msingi umeshachimbwa bondeni."* Pigeni picha siku hiyo hiyo mkiwa na tepu ndani ya picha, andikeni barua kwa idara husika na mhandisi kabla malipo ya kwanza hayajatoka, na muwaombe waje kusimama nanyi penye alama nyekundu. Kama sakafu bado haijamwagwa, kuna nafasi ya kuiinua. Ikishamwagwa, ombeni angalau friji ya chanjo, betri na dawa zijengewe rafu juu ya alama, na choo kihamishiwe juu ya alama, mbali na kisima na si upande wake wa juu.